Ndoo Mbili Zisizofunguliwa

Mjomba wangu wa Njoro alisema hakuna mtu atakayenilipa kwa kuangalia oili chafu. Aliyasema hayo akiwa na brashi mkononi, anapaka vigingi vya ua wa ng'ombe oili iliyomwagwa kutoka kwenye trekta ya jirani, ili mchwa wasivile.

"Hii," alisema, akininyooshea kopo, "ina kazi moja tu duniani, na mimi ndiye naifanya. Wewe umekaa Ghuba miaka saba, kumbe ulienda kujifunza kuiangalia?"

Wengine walisema sitamaliza msimu mmoja. Fundi mmoja wa Njoro aliapa kwamba siku mkulima wa Mau atakapomwachia mtu wa makaratasi injini yake, yeye ataacha spana na kufuga kuku. Nawakumbuka wote, na sioni aibu kusema nafurahia kuwakumbuka. Sikuwa mtu wa makaratasi. Nina diploma ya uhandisi wa mitambo, na karo yake niliipata kwa kuchimba viazi vya watu likizo baada ya likizo. Kule Ghuba nilianza kwa kufagia karakana ya majenereta, nikaondoka nikiwa msimamizi wa zamu. Hakuna aliyenishika mkono.

Kule ndiko nilikojifunza kusoma oili. Kila baada ya muda fulani tulichota kiasi kidogo kutoka kwenye kila jenereta, tukapeleka maabara, na karatasi ikarudi na orodha ya vilivyomo. Daktari hakupasui tumbo ili ajue una malaria. Anachukua tone la damu. Injini nayo ni hivyo. Chuma kikiongezeka kwenye oili, kuna mahali pa chuma panalika. Shaba na risasi zikipanda, sikiliza beringi. Silikoni ni vumbi. Sodiamu, mara nyingi, ni maji ya rejeta yaliyopata njia ya kuingia yasikotakiwa, na hiyo ndiyo habari ambayo hakuna fundi anayetaka kuipata, kwa sababu maji yakichanganyika na oili, beringi hazidumu.

Nyumbani watu walisoma oili kwa rangi. Ikiwa nyeusi, imwagwe. Nilichoka kueleza kwamba oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi siku chache tu baada ya kuwekwa, kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi, na kwamba oili inayobaki nyeupe ndiyo ya kutilia shaka. Walinisikiliza, wakatikisa vichwa, wakaenda kumwaga oili nzuri. Mjomba alishukuru. Vigingi vyake viling'aa.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja wa Mau Narok aliyemiliki kombaini moja. Alilima ngano kwenye mashamba ya kukodi, na akimaliza yake aliwavunia majirani. Fundi wake wa awali alimwambia abadilishe oili kila baada ya saa mia moja za kazi kwa sababu ya vumbi, ingawa kitabu cha mashine kilisema mia mbili na hamsini. Kila mara hiyo ilimaanisha kombaini kusimama katikati ya shamba, injini kufunguliwa kwenye upepo wenye makapi ya ngano, na lita zaidi ya thelathini kwenda kwa watu kama mjomba.

Nilimwambia kwamba sibishani na saa mia moja wala mia mbili na hamsini. Tuchote sampuli, chupa moja ndogo, kila baada ya saa hamsini, halafu oili yenyewe itasema lini imechoka.

"Kijana, mashine yangu ni moja," alisema. "Wenye tatu wanaweza kujaribu. Mimi nikijaribu moja nimejaribu zote."

"Mama, sikuombi ujaribu. Nakuomba upime."

"Na kipimo kikisema mbaya saa nane mchana, shamba la watu limevunwa nusu, oili ya kubadilisha itatoka wapi? Kwa hiyo chupa yako?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa na wahandisi. Nilimwahidi kwamba msimu mzima kutakuwa na ndoo mbili za oili mpya, lita ishirini kila moja, juu ya trela linalofuata kombaini. Siku yoyote nikisema imwagwe, itamwagwa saa ile ile. Alikubali. Shida ni kwamba sikuwa na ndoo hata moja.

Nilienda mjini Nakuru kwa mzee Mhindi mwenye duka la vipuri alilorithi kwa babake. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Boss, nielewe vizuri. Unataka mimi nikukopeshe oili, uende uwaonyeshe watu jinsi ya kutonunua oili?"

"Ndiyo, mzee."

Alicheka hadi mfanyakazi wake akatoka stoo kuangalia. Halafu akamwambia alete ndoo mbili. "Usifungue," alisema. "Ukifungua, umenunua. Ukirudisha na sili yake, hatudaiani." Mpaka leo sijui kwa nini alikubali. Nadhani alikuwa hajasikia jambo jipya dukani mwake kwa muda mrefu.

Mjomba naye, pamoja na maneno yake yote, alinikopesha pikipiki ya kupandia Mau. "Irudi na magurudumu yote," alisema.

Kombaini ya mama iliendeshwa na mzee mmoja ambaye nitamsifu hapa bila haya, na mimi si mwepesi wa kusifu watu. Alikuwa amekaa kwenye usukani wa kombaini tangu kabla sijazaliwa. Alfajiri alishuka shambani, akachuma suke, akalisugua kiganjani, akapuliza makapi, akatia punje mdomoni na kuiuma. "Bado," alisema, au, "Saa nne itakuwa tayari." Mimi na kifaa changu cha kupima unyevu tulimfuata nyuma kimyakimya. Mara zote nilizopima, meno yake na kifaa vilikubaliana. Alivuna mistari iliyonyooka kana kwamba mtu alikuwa amemchorea. Akisikia injini imebadilisha sauti kidogo, alipunguza mwendo kabla mimi sijasikia chochote.

Aliniita Injinia wa Chupa. "Injinia wa Chupa amekuja!" alipaza sauti nikifika na pikipiki. "Jificheni, atawatoa damu!" Lakini nilipomfundisha kuchota sampuli, alijifunza mara moja. Injini iwe moto. Mrija wa pampu ya mkono ukatwe kwa urefu wa kijiti cha kupimia oili, usifike chini kwenye tope. Chupa ifungwe palepale, iandikwe saa za injini na saa za oili. Nilimwambia zaidi ya mara kumi: chupa iwe safi, safi kabisa, kwa sababu punje moja ya mchanga inaweza kusema uongo mkubwa kuliko mtu. Hayo maneno yalinirudia baadaye.

Sampuli ya kwanza ya saa hamsini ilirudi na silikoni juu na chuma juu. Vumbi lilikuwa linaingia. Niliukagua mpira unaotoka kwenye kisafisha hewa, nikapata ufa upande wa chini, ambapo jicho halifiki. Tuliubadilisha, na kwa kuwa oili ilikuwa imeshabeba mchanga, nikaamuru imwagwe.

Mama aliniangalia. "Wewe si ulisema itakaa muda mrefu? Fundi wangu wa zamani alikuwa anamwaga mia moja. Wewe hamsini!"

Habari ilifika Njoro kabla yangu. Mjomba alicheka akashika ubavu. Lakini oili aliyoiweka mama wakati huo, iliyobaki stoo kwake tangu siku za yule fundi, ndoo zangu zikiwa hazijafunguliwa, ilifika saa hamsini na karatasi safi, ikafika mia ikiwa safi, ikafika mia na hamsini silikoni ikiwa haijasogea na chuma kinapanda polepole, kiasi kile kile kila hatua, kama inavyotakiwa. Karatasi moja haisemi mengi. Zikiwa tatu mfululizo, zinasema. Akiba ya dawa inayoua asidi ndani ya oili ilikuwa imepungua kidogo tu. Nilimwonyesha mzee, naye akazishika zile karatasi kwa mbali, kama watu wa umri wake wanavyosoma, akasema, "Kwa hivyo inazeeka vizuri."

Sijawahi kusikia mtu akieleza uchunguzi wa oili vizuri zaidi ya hapo.

Kisha ikaja ya saa mia mbili. Nilikuwa chumbani kwangu Kiamunyi asubuhi, nikinywa chai, ripoti ilipoingia kwenye simu. Chuma, sawa. Silikoni, sawa. Sodiamu, ambayo mara zote ilikuwa karibu na sifuri, ilikuwa imeruka hadi kwenye mamia. Chini, maabara walikuwa wameandika kwamba kuna uwezekano wa maji ya rejeta kuingia, mashine isimamishwe na ikaguliwe.

Nilimpigia mama. Walikuwa kwenye shamba la jirani, ekari arobaini zikiwa zimebaki, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Mau tangu jana.

"Nisimamishe?" aliuliza.

Kama maji yalikuwa yanaingia kweli na nikaiacha ifanye kazi, injini ingekufa, na mama hakuwa na nyingine. Kama hayaingii na nikaifungua, tungekaa siku nne tukingoja vipuri huku ngano ya watu inanyeshewa, na jirani angeita kombaini ya mtu mwingine, na majirani wote baada yake wangefanya vivyo hivyo. Na mimi nisingesoma tena oili ya mtu yeyote katika bonde hili.

"Simamisha hadi nifike," nilisema.

"Njoo haraka," akasema. "Mwenye shamba ameshashika simu."

Njiani, kwenye baridi ya kupanda Mau, akili yangu ilikuwa inafanya kile diploma ilichoifundisha kufanya. Maji ya rejeta niliyaweka mimi mwenyewe mwanzo wa msimu, na nilijua yana sodiamu na potasiamu pia. Yakiingia, huja yote mawili. Potasiamu kwenye ripoti ilikuwa sifuri. Maji yenyewe hayakuonekana. Uzito wa oili haukubadilika. Oili mpya nilikuwa nimeipima kabla ya msimu, haikuwa na sodiamu. Kwa hiyo sodiamu hii ilikuja peke yake, bila ndugu zake. Ilitoka wapi?

Nilipofika, kombaini ilikuwa imesimama katikati ya ngano. Mzee alikuwa ameketi kivulini mwa gurudumu, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nilifungua rejeta. Ilikuwa imejaa hadi pale nilipoiacha. Nilivuta kijiti cha oili. Kilikuwa cheusi, safi, bila utando wa rangi ya chai ya maziwa unaotokea maji yakichanganyika na oili.

"Mzee, hii ya mwisho uliichota vipi?"

"Vile ulisema. Injini moto. Mrija haukugusa chini. Nikaandika saa."

"Na chupa?"

"Safi."

"Ilikuwa mpya, ndani ya karatasi iliyofungiwa kiwandani?"

"Ile ya mwisho ilianguka kwa vumbi, Injinia. Na wewe ulisema punje moja. Kwa hivyo nikaiosha."

"Kwa nini?"

"Si nimekwambia, ilianguka."

"Hapana, mzee. Ulitumia nini kuiosha?"

"Magadi," alisema, na akanyoosha mgongo kwa fahari. "Magadi na maji moto. Hakuna kitu inakata mafuta kama magadi. Nikaianika juani ikakauka vizuri, ndio nikachota."

Nilikaa chini kwenye makapi. Kila jiko la bonde hili lina magadi ya kulainisha maharagwe na mboga za kienyeji, na kila mtu anajua kwamba mtungi wenye mafuta husuguliwa kwa magadi. Na magadi ni nini? Ni sodiamu. Mzee alikuwa ameyakausha kwenye kuta za chupa, utando mwembamba usioonekana, halafu akachotea oili humo. Alikosea kwa sababu alinitii kupita kiasi. Mimi, mtu wa Ghuba, nilisema "safi" mara kumi na sikusema "usioshe" hata mara moja.

Nilimweleza mama. Alinisikiliza akiangalia mawingu.

"Una uhakika?"

"Nina uhakika wa kunitosha mimi. Wa kukutosha wewe nitautafuta." Nilimwambia kombaini ifanye kazi, lakini nikishatuma sampuli nyingine siondoki. Nitaweka alama kwa kalamu kwenye tangi la maji ya rejeta, na kila wakisimama kumwaga ngano nitaangalia maji na kijiti cha oili. Maji yakishuka upana wa ukucha, nitaizima mwenyewe, na ndoo mbili ziko pale pale kwenye trela.

Alifikiri. Halafu akamgeukia mzee. "Wewe umekaa na hii injini. Inasemaje?"

"Haijabadilisha sauti," mzee alisema. "Lakini mimi sisikii kilicho ndani ya chupa. Huyu ndiye anasikia huko."

"Washa," mama alisema.

Kabla hawajaanza nilikimbia nyumbani kwa mzee, mita mia kadhaa kutoka shambani. Nilimwomba mkewe magadi. Alikuwa na pakiti moja, na sufuria ya maharagwe ilikuwa jikoni.

"Yote?" aliuliza.

"Mama, ninahitaji yote."

"Na maharagwe?"

"Nitakurudishia."

"Wanaume wa injini," alisema, akinipa pakiti, "hata magadi mnakopa."

Niliosha chupa moja kama mzee alivyoosha, nikaianika. Nyingine niliitoa mpya kwenye karatasi yake. Nilichota oili ile ile, injini ile ile, dakika ile ile, kwenye chupa zote mbili, nikateremka Nakuru kuzituma maabara huku mama mwenyewe akiangalia ile alama ya kalamu, nikarudi kabla giza halijaingia.

Siku mbili zilizofuata niliishi kando ya ile kombaini. Sitaki kujifanya shujaa. Nilikuwa na hofu. Kila tangi la nafaka lilipojaa na mzee akasimama kumwaga, nilipanda ngazi kuangalia ile alama ya kalamu. Mzee alisubiri nishuke, nitikise kichwa kwamba haijasogea, kisha akaendelea. Baadaye alianza kusimama kabla tangi halijajaa, ili nipate nafasi ya kuangalia zaidi. Hakusema anafanya hivyo kwa ajili yangu, na mimi sikumuuliza. Injini ilinguruma sauti ile ile kuanzia asubuhi hadi jioni, ikila ngano ya ekari zile kama haijui watu wawili wameacha kupumua kwa sababu yake. Nimeona mitambo mikubwa zaidi Ghuba. Sijaona mzuri zaidi.

Ripoti iliingia siku ya pili mchana, wakati zimebaki ekari tano. Chupa mpya: sodiamu hakuna. Chupa ya magadi: juu hata kuliko ile iliyotutisha. Nilipunga simu hewani. Mzee alizima mashine, akashuka, akaomba nimsomee.

"Kwa hivyo injini ni nzima," alisema.

"Ni nzima."

"Na mimi ndiye nilikuwa mgonjwa."

"Wewe ulikuwa msafi mno, mzee."

Alicheka kwa sauti kubwa, akasema hilo alitaka liandikwe kwenye karatasi na lipelekwe kwa mkewe. Wakamaliza zile ekari tano, na mvua ikaja kesho yake. Oili ile ilifika saa mia mbili na hamsini mwisho wa msimu, karatasi yake ya mwisho ikionyesha bado ina nguvu. Tukaimwaga hapo, kwa hiari yetu na si kwa hofu. Mashamba ya Mau Narok, kwa vumbi lile na mpira mpya wa hewa, nimeyapangia saa mia mbili na hamsini pamoja na sampuli kila baada ya hamsini. Mashine za bondeni kwenye vumbi jeupe la ziwani ninaanza upya, kwa sababu kila injini ina hadithi yake. Msimu huu nasoma oili ya matrekta na kombaini nyingi kiasi kwamba sitaji idadi, wasije wakasema najivuna.

Siku moja baada ya kumwaga oili ile nilianza kulipa kila aliyenikopesha. Kwanza niliteremka Nakuru na ndoo mbili. Mzee wa vipuri alivaa miwani, akazigeuza, akapitisha kidole kwenye sili zote mbili, hazijaguswa. "Umeniharibia biashara," alisema, kisha akaniuliza kama naweza kupima oili ya lori lake. Jioni nilimrudishia mjomba pikipiki yake yenye magurudumu yote, na mtungi wa oili nyeusi ya kombaini nimeufunga nyuma.

"Mmoja tu?" alisema. "Zamani msimu mmoja ulikuwa unanipa mitatu."

"Zoea, mjomba."

Alitumbukiza brashi, akapaka kigingi, akarudi nyuma kukiangalia. "Hii imefanya kazi saa ngapi?"

Nilimwambia. Alipaka kingine taratibu, kama mtu anayepaka kitu cha thamani.

Asubuhi yake nilipanda Mau tena, safari hii kwa gari la mama, nikashuka kwa mzee. Alikuwa uani akinoa visu vya kombaini. Nilimpita nikaenda moja kwa moja jikoni, nikampa mkewe pakiti mbili za magadi.

"Nilikupa moja," alisema.

"Ya pili ni ya kuoshea chupa," mzee alijibu kutoka nje.

"Hapana!" nilipiga kelele, na wote wawili wakacheka hadi nikajua nimetegwa. Kisha mama wa nyumba akaniwekea sahani ya maharagwe, laini kabisa, na nikala nikiwa sidaiwi na mtu.